Shajara ya mradi wa Marikiti: nani anaamini kwamba nani anajua

3 Februari

Mawakala wetu watatu, yaani programu zinazoamua zenyewe zimwambie nani nini, wameanza kuongea bila kusukumwa. Lori anakaa kwenye simu ya dereva anayeleta nyanya kutoka Loitokitok. Kibanda anakaa kwenye simu ya mama anayezipokea Marikiti, soko la Wakulima la Nairobi. Mkokoteni anakaa kwenye simu ya msimamizi wa mahamali wanaopakua makreti langoni. Hakuna seva ya katikati inayojua yote. Tumeamua hivyo kwa sababu simu hizi huingia na kutoka mtandaoni usiku kucha: bando linaisha, betri inazima, na kati ya Kimana na Emali kuna vipande vya barabara ambako ujumbe unakaa tu ukisubiri.

Kwa hiyo kila wakala ana hifadhi yake ya imani. Tunaziita imani kwa sababu kilichomo kinaweza kuwa si kweli na wakala bado akakitegemea. Tunatumia Jason, programu ya kuandikia mawakala iliyojengwa juu ya AgentSpeak, lugha ambayo Anand Rao aliitoa mwaka 1996. Kinachonipendeza zaidi ndani yake ni kwamba kila imani inabeba chanzo chake: nimeiona mwenyewe, nimeiwaza mwenyewe, au nimeambiwa na fulani. Kibanda haweki tu "lori liko Emali". Anaweka "lori liko Emali, kaniambia Lori". Kazi yote iliyobaki inaanzia hapo, maana ukishajua aliyekuambia, umeshajua jambo moja kuhusu kichwa chake pia: naye analiamini, au angalau anataka wewe uliamini.

9 Februari

Usiku wa kuamkia leo mahamali walifika langoni saa kumi alfajiri na kusubiri mpaka jua likatoka. Lori lilipata pancha karibu na Emali saa tano usiku. Nimezipitia kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari, na nataka ziandikwe hapa kwa sababu zinafundisha kuliko makala nyingi nilizosoma.

Lori alituma ujumbe mmoja kwa wawili: "Nimepata pancha, sitafika kabla ya saa mbili asubuhi." Kibanda aliupokea papo hapo. Simu ya msimamizi wa mahamali ilikuwa imezima. Kibanda alikuwa na kila sababu ya kumwambia Mkokoteni asije mapema, na mpango wa kufanya hivyo ulikuwepo kwenye programu yake. Akaukagua, akauacha. Kwa nini? Kwa sababu ujumbe wa Lori ulionyesha wapokeaji wawili, na Kibanda akahitimisha kwamba Mkokoteni ameshajua.

Alifuata kanuni vizuri kabisa. FIPA, shirika lililoundwa mwaka 1996 kuweka viwango vya mawakala, lilieleza maana ya kitendo cha kuarifu kwa masharti ya imani. Ili nikuarifu jambo, lazima mimi niliamini, na nisiwe naamini kwamba wewe tayari una msimamo juu yake. Sharti hilo la pili linazuia kelele, na ni la busara: hakuna anayetaka mawakala wanaorudiarudia habari ambayo kila mtu anayo. Lakini linageuza kila dhana ya haraka kuhusu kichwa cha mwenzako kuwa ukimya. Kuamini kwa makosa kwamba lori liko Emali kunaharibu mpango mmoja. Kuamini kwa makosa kwamba mwenzako anajua kunakufunga mdomo, na ukiwa umefungwa mdomo hakuna ujumbe utakaokurudia kukuonyesha kwamba uliwaza vibaya.

Tumekubaliana kutenganisha hali tatu ambazo zilikuwa zimebanwa kuwa moja. Ujumbe *umetumwa* kwake. Ujumbe *umemfikia*. *Ameuamini*. Ya kwanza anaijua mtumaji na kila anayeona orodha ya wapokeaji. Ya pili inahitaji alama ya kupokea kutoka kwenye simu yenyewe. Ya tatu haionekani moja kwa moja kamwe. Unaikisia kutokana na anachofanya au anachojibu. Kuanzia leo wakala ananyamaza tu akiwa na ushahidi wa hali ya pili. Kama ana ya kwanza peke yake, anasema.

12 Februari

Jaribio jipya limeingia kwenye seti ya majaribio, na nimeliazima kutoka kwa wanasaikolojia wa watoto. Heinz Wimmer na Josef Perner mwaka 1983 waliwauliza watoto swali la ngazi moja: mtu anayerudi atatafuta kitu pale alipokiacha, au pale ambapo mtoto mwenyewe anajua kimehamishiwa? Miaka miwili baadaye wakaongeza ngazi kwa hadithi ya gari la aiskrimu, na hiyo inatufaa kana kwamba iliandikiwa soko.

John na Mary wako bustanini. Mwenye gari la aiskrimu anamwambia Mary kwamba atakuwa pale mchana kutwa, na Mary anaenda nyumbani kuchukua pesa. Mary akishaondoka, mwenye gari anamwambia John kwamba anahamia kanisani. Akiwa njiani kuelekea huko anakutana na Mary na kumwambia naye. John haoni hilo. Swali: John anadhani Mary ameenda wapi kununua aiskrimu?

Jibu ni bustanini. Kulijibu kunahitaji kushika vitu vitatu kwa wakati mmoja: gari liko wapi, Mary anaamini liko wapi, na John anaamini kwamba Mary anaamini liko wapi. Vya kwanza viwili vinakubaliana, cha tatu kinatofautiana navyo.

Weka lori la nyanya mahali pa gari la aiskrimu, na lango la soko mahali pa bustani, na una usiku wa kawaida wa mradi wetu. Toleo la zamani la Kibanda lilishindwa, likajibu kwa kile linachokijua lenyewe. Toleo la wiki hii limejibu sawa, na linatoa njia yake ya kufikiri tukilitaka: "Lori alimwambia Mkokoteni saa saba. Kaka Mkokoteni hana ushahidi kwamba nami niliambiwa. Kwa hiyo anadhani bado nasubiri saa kumi." Neno "kaka" liliwekwa na mwenzangu anayeandika matini ya mfumo. Anashikilia libaki, na mimi naunga mkono, kwa kuwa msimamizi wa mahamali anazisoma sentensi hizi mwenyewe.

20 Februari

Leo tulikuwa Marikiti kabla ya mapambazuko. Nilitaka kujua kama skrini mpya ya Kibanda inaeleweka, na nikaondoka na jambo kubwa kuliko skrini.

Mama mmoja anayeuza nyanya karibu na lango aliitazama ile simu, akasoma "Lori limechelewa, litafika saa mbili", kisha akaniuliza swali ambalo mfumo wetu haukuwa na pa kulijibu.

"Dereva ameniambia mimi, ama ameambia watu?"

Nikamwuliza kuna tofauti gani, mama, habari si ni ileile.

"Haiwezi kuwa ileile, kijana wangu. Kama najua peke yangu, haya makreti mawili nimebaki nayo siyauzi kwa bei ya jana. Kama wote wanajua, bei imeshapanda na mimi napanda nayo. Na kama huyu jirani anajua, na anajua mimi najua, hatuna haja ya kufichana, tunakaa tunaongea bei."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu yanagusa kiini cha mantiki ya tangazo. Jan Plaza mwaka 1989 aliandika mantiki ya matangazo ya wazi: jambo likitangazwa mbele ya wote, kila mmoja analijua, kila mmoja anajua kwamba wengine wanalijua, na hivyo bila mwisho. Alexandru Baltag, Lawrence Moss na Sławomir Solecki mwaka 1998 wakapanua nadharia hiyo ili ishike pia ujumbe wa siri na ujumbe wa nusu siri, ambapo wengine wanaona kuna kitu kimesemwa lakini hawajui ni nini. Ukweli kuhusu lori ni uleule katika hali zote tatu. Kinachobadilika ni imani za watu kuhusu watu, na pale sokoni bei inafuata hizo.

Hali ya nusu siri tuliiona kwa macho asubuhi hiyo hiyo. Simu ya mama mwingine ililia mlio wa mfumo wetu. Majirani zake wote wawili waligeuka kumtazama. Hawakuona maandishi, lakini kuanzia dakika hiyo walijua kwamba yeye anajua kitu ambacho wao hawakijui, na yeye aliwaona wakigeuka. Mmoja alikuja kumwuliza. Hakuna herufi hata moja ya msimbo wetu iliyolenga kuwaambia majirani chochote, na bado tumewaambia.

Kwa hiyo kila ujumbe sasa unabeba sehemu ya hadhira: umetumwa kwa nani, na kila mpokeaji anaonyeshwa nani mwingine ameupata. Tumeondoa ule mlio maalumu. Simu italia kwa mlio ambao mwenyewe amezoea.

Kuna suala la haki hapa ambalo silichukulii kwa wepesi. Wakala anayejua kwamba Kibanda mmoja pekee ndiye mwenye habari ya kuchelewa ameshikilia faida ya pesa ya mtu. Msimamo wangu, ambao timu imeukubali, ni kwamba habari za barabarani zinatangazwa kwa wote walioagiza mzigo kwenye lori hilo, wakati mmoja na kwa uwazi, na habari za makubaliano ya mtu na dereva zinabaki kati yao. Wakala hapewi ruhusa ya kuchagua nani abaki gizani.

24 Februari

Swali la kina: wakala ahifadhi "anaamini kwamba anaamini kwamba" mpaka ngazi ngapi?

Njia ya kitabuni inatoka kwa Jaakko Hintikka, mwaka 1962. Kuamini jambo ni kwamba jambo hilo ni kweli katika kila hali ya dunia ambayo wewe unaiona inawezekana. Imani juu ya imani inatoka yenyewe: unatazama hali unazoziona zinawezekana, na ndani ya kila moja unatazama mwenzako angeona zipi. Ni nzuri sana na inashika kina chochote. Lakini mambo 20 tu ya ndiyo-au-hapana yanazaa hali 1,048,576, na simu ya bei nafuu yenye nyufa kwenye kioo haitazibeba. Isitoshe, mantiki hiyo inamchukulia kila wakala kuwa anajua kila matokeo ya kile anachoamini, jambo ambalo si kweli kwa hamali aliyechoka wala kwa programu yenye sekunde mbili za kuamua.

Tumechagua hifadhi za ndani kwa ndani. Kibanda ana hifadhi yake, ndani yake hifadhi ndogo ya "Mkokoteni anaamini", na ndani ya hiyo "Mkokoteni anaamini kwamba mimi naamini". Tunaishia hapo. Sababu yangu ni ya vitendo: katika uigaji, ngazi ya tatu ilipanua hifadhi na haikubadilisha uamuzi wowote wa nani aambiwe nini. Ngazi ya pili ilibadilisha. Yule mama anaihitaji anaposema "anajua mimi najua".

26 Februari

Leo tumejadili uthibitisho, na mjadala ulikuwa mkali.

Pendekezo lilikuwa hili: Lori akisema "saa nane", Mkokoteni ajibu "nimepata", Lori naye ajibu "nimepata kwamba umepata", na tuendelee mpaka wote wawe na uhakika. Nililipinga kwa sababu uhakika huo haufikiwi kamwe, na hoja si yangu. Mwaka 1975 Akkoyunlu, Ekanadham na Huber waliieleza kwa makundi mawili ya majambazi. Mwaka 1978 Jim Gray akaitumia kwa majenerali wawili, na jina hilo ndilo lililodumu. Kisha Joseph Halpern na Yoram Moses, katika makala iliyotoka kwa ukamilifu mwaka 1990, wakaonyesha kwa nini inagoma: ujuzi wa pamoja, ule wa "wote tunajua, wote tunajua kwamba wote tunajua" bila kikomo, haupatikani kwa ujumbe ambao unaweza kupotea.

Niliuandika ubaoni kwa lori na mkokoteni. Tuseme hakuna anayetaka kwenda langoni asipokuwa na uhakika kwamba mwenzake anakuja, na tuseme kuna mpango wa ujumbe unaowapa uhakika huo. Chukua ule mfupi kuliko yote na utazame ujumbe wake wa mwisho. Aliyeutuma hajui kama umefika, na bado anaenda. Kwa hiyo anaenda hata ukipotea. Mwenzake, ambaye hakuupata, lazima naye aende, la sivyo mpango umevunjika. Basi ujumbe huo haukuwa na kazi, na mpango mfupi zaidi upo. Lakini tulisema huu ndio mfupi kuliko yote. Kila jibu la "nimepata" linaongeza ngazi moja ya kujua na kumwacha aliyelituma na mashaka yaleyale, ngazi moja juu zaidi.

Aliyeleta pendekezo alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri: mbona basi mahamali na madereva wamekuwa wakikutana Marikiti miaka yote hii, hata kabla ya simu za mkononi?

Tulikaa na swali hilo mpaka chai ikapoa. Tulichokipata ni kwamba ujuzi wao wa pamoja haukutengenezwa kwa ujumbe. Ulitengenezwa langoni, watu wamesimama uso kwa uso, kila mmoja akiwasikia wengine na kuwaona wakisikia. Dereva asemaye "kesho saa kumi kama kawaida" mbele ya mahamali wote ameshamaliza kazi ambayo mtandao hauwezi kuifanya.

Kwa hiyo muundo umebadilika. Kila mzigo sasa una saa ya kawaida, inayokubaliwa ana kwa ana wakati wa kupakua mzigo uliotangulia na kuingizwa kwenye simu zote zikiwa pamoja. Bila ujumbe wowote, saa hiyo inasimama. Ujumbe una kazi ya kuihamisha tu. Mabadiliko yanashika Lori akipata jibu moja la kupokea. Lile jibu likipotea, Lori anabaki na mashaka, naye anawajibika kumpigia msimamizi simu ya sauti au kukubali kulipia muda wa kusubiri. Tumehamisha mashaka kwa yule ambaye yanamgharimu kidogo zaidi na ambaye ana simu mkononi.

3 Machi

Swali limekuja tena: kwa nini tusiiachie modeli kubwa ya lugha ikisie nani anaamini nini? Mwaka 2023 Michal Kosinski aliripoti kwamba modeli mpya za wakati huo zilikuwa zikijibu vizuri hadithi za imani potofu, yaani za mtu anayeamini kisicho kweli. Mwaka huohuo Tomer Ullman akazibadilisha hadithi hizo kidogo, kwa mfano mfuko wenye lebo isiyolingana na kilichomo akaufanya uwe wa plastiki unaoonyesha ndani, na modeli ikaendelea kujibu kana kwamba mhusika haoni kilichomo. Kwetu kosa la aina hiyo linamfanya mtu asimame langoni kwa muda wa saa tano. Modeli inabaki kwenye kazi inayoiweza: kugeuza ujumbe wa sauti wa dereva, Kiswahili na Kimaasai na Sheng vikiwa vimechanganyika, kuwa ujumbe ambao Lori anaweza kuutuma, na dereva anauthibitisha kwanza.

6 Machi

Dereva mmoja ameuliza, kwa haki kabisa, mfumo utathibitishaje kwamba yeye alijua. Kulikuwa na mabishano kuhusu kreti zilizochelewa, na upande wa pili ulitaka kutumia hifadhi za imani kama ushahidi.

Nimekataa. Munindar Singh aliliona tatizo hili mwaka 1998 alipokosoa lugha za mawasiliano zilizojengwa juu ya hali za ndani za akili: hakuna aliye nje anayeweza kukagua kama wakala kweli aliamini alichosema. Kinachoweza kukaguliwa ni ahadi iliyotolewa hadharani. Mfumo wetu unahitaji vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Imani ni za wakala mwenyewe, za kuamua amwambie nani na lini. Ahadi ziko kwenye daftari la pamoja ambalo pande zote zinaona: nani aliahidi kufika saa ngapi, nani alibadilisha, nani alipokea badiliko. Bishano lolote linaamuliwa kwa daftari. Kile Kibanda anachokisia kuhusu kichwa cha dereva hakitoki nje ya simu ya Kibanda, na nimeomba hilo liandikwe kwenye makubaliano na watumiaji kwa lugha wanayoisoma.

11 Machi

Masika yameanza na barabara zimebadilika, kwa hiyo tumeongeza umri wa imani. "Lori liko Emali" ikifikisha nusu saa bila kuthibitishwa inashuka kuwa "lori lilikuwa Emali". Jambo lililotutatiza ni ngazi ya juu yake. Kibanda akiacha kuamini kwamba lori liko Emali, je, aache pia kuamini kwamba Mkokoteni anaamini hivyo? Hapana, kwa sababu Mkokoteni anaweza kuwa hana habari mpya. Kila ngazi sasa ina saa yake, na saa ya mwenzako huanza kuhesabu tangu ujumbe ulipomfikia yeye.

Lililobaki kabla ya kuongeza malori ya Kirinyaga ni wakala anayesema asichokiamini. Dereva aliyeko bado Thika Road anaweza kutuma "nimeshafika mjini" ili asipoteze mteja. Lebo ya chanzo inatupa pa kuanzia: Kibanda anaweza kuamini kwamba Lori *amesema* hivyo bila kuamini kwamba lori limefika. Wiki ijayo tunajaribu kanuni ambayo kauli ya mahali inapokelewa kama imani pale tu inapolingana na muda uliopita tangu kauli ya mwisho ya Lori huyohuyo. Isipolingana, Kibanda anamwuliza dereva kwanza, kwa heshima, kabla ya kumwambia mtu mwingine.